Nina laki tatu na nusu, nakwenda porini Julai: nichukue darubini gani?

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na kwa faida ya wengine wenye swali kama lako naurudia kwa ufupi. Una miaka 26, umepata kazi ya trekaa msaidizi, yaani mfuata nyayo za wanyama, kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii upande wa pori la Rungwa, mnaingia porini Julai msimu ukifunguliwa, umeambiwa kila mtu aje na darubini yake, unavaa miwani, na mfukoni una laki tatu na nusu ambayo ukijibana sana inafika nne. Kariakoo umeonyeshwa moja ya 20x50 yenye vioo vyekundu, muuzaji anakwambia inaona mpaka usiku, laki na themanini. Na kuna jirani yako ana ya Kirusi ya zamani, 8x30, anaiachia kwa laki. Unauliza ushike ipi.

Ile nyekundu achana nayo kabisa, hata akishusha mpaka elfu hamsini usiichukue. Hela yako itafute 8x42 ya kampuni inayojulikana, na kwa vile unavaa miwani mi ningeanza kuulizia Nikon Prostaff P3 ya 8x42. Ya Mrusi ntaiongelea chini maana hiyo inategemea hali yake, unaweza ukaokota dhahabu au ukanunua maumivu ya kichwa. Sa tukae tueleweshane kwa nini, maana ukielewa sababu hata ukikosa hiyo P3 utajua uchukue nini mwenyewe bila kuniuliza.

Kwanza kazi yako. Watu wengi wanadhani darubini porini ni ya kutafutia mnyama aliye mbali. Inatafutia kweli, lakini kwetu sisi kazi yake kubwa ni kumjua mnyama ambaye ulishamuona kwa macho. Kwenye uwindaji wa kitalii hapa Tanzania hapigwi jike wala mtoto, na kila msafara una askari wa wanyamapori pembeni anaangalia. Sasa angalia ugumu ulipo: swala pala, tandala, kuro, tohe na pongo hao rahisi, mwenye pembe ni dume. Lakini nyati, pofu, palahala, korongo, kongoni na nyumbu wote, dume na jike wana pembe. Jike la pofu pembe zake ndo ndefu zaidi na nyembamba, mgeni akiziona anachanganyikiwa, we trekaa unatakiwa umwangalie shingo, kile kidevu cha ngozi kinachoning'inia na yale manyoya meusi ya kwenye paji. Nyati ndo usiseme. Dume aliyekomaa pale pembe mbili zinapokutana juu ya kichwa panakuwa gamba gumu kavu limeshikana kama gome la mti, dume kijana katikati bado pana nyama laini na nywele, na jike hana hilo gamba nene. Hiyo tofauti ni ya upana wa vidole vichache, mita mia na hamsini, mnyama yuko kivulini, mbele yake kuna majani na matawi, saa kumi na mbili kasoro jioni. Mwindaji bingwa, sisi kule tunamuita PH, anakugeukia anakuuliza kwa macho tu, dume? Hapo ndo utajua hela yako ilienda wapi.

Na usije ukazoea ile tabia ya kuomba bunduki uangalizie kwa skopu. Skopu iko juu ya mtutu, kila unachokiangalia umekielekezea mtutu, na porini kule unaweza ukawa unaangalia mtu anayerina asali. Ndiyo maana kambi nzuri zinataka kila mtu awe na darubini yake.

Haya, namba. 8x42 maana yake inakuza mara nane, na kioo kikubwa cha mbele kina kipenyo cha milimita 42. Ya Kariakoo 20x50 inakuza mara ishirini, kioo milimita 50. Masikioni ishirini inasikika tamu, na wauzaji wanajua, ndo maana utakutana hata na zilizoandikwa 60x60 au 100x na kitu, hizo namba za uongo mtupu, ukishika unakuta inakuza mara nane au kumi hivi. Lakini hata kama hiyo ishirini ni ya kweli haikufai. Kila inachokuza inakuza pamoja na mtetemo wa mikono yako, na we umetoka kutembea kilomita kumi jua kali, moyo unadunda, unanyanyua kitu kinachokuza mara ishirini, utaona picha inacheza kama iko kwenye bodaboda. Mkononi bila stendi mara kumi ndo mwisho kwa watu wengi, mara nane ndo inatulia. Halafu kuna joto, ikifika saa tano saa sita ardhi inachemka, hewa inacheza, yale mazigazi, ukikuza zaidi unayakuza na hayo mazigazi, huoni kitu cha maana zaidi.

Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 8 unapata milimita 5.25. 50 kwa 20 unapata 2.5. Hiyo ndo saizi ya duara la mwanga linalotoka nyuma kwenda kwenye jicho lako. Ishike darubini mbali na uso, urefu wa mkono, uielekeze penye mwanga, utayaona maduara mawili madogo meupe kwenye vioo vya nyuma, ni hayo. Mchana wa jua mboni ya jicho inajifunga inabaki milimita mbili au tatu, kwa hiyo mchana 20x50 na 8x42 zote zitaonekana zina mwanga, na ndo maana ukizijaribu dukani saa saba mchana mtaa wa Kongo huwezi kuona tofauti! Tofauti inakuja jioni, mboni ya kijana kama wewe kwenye giza inafunguka mpaka kama milimita saba, inaomba mwanga, na darubini inakupa tundu la mbili na nusu. Umefungua mlango mkubwa, mtu anakupitishia kijiko. Sasa wanyama wakubwa wanatoka saa ngapi? Alfajiri na jioni. Chui anakuja kwenye chambo jua likikaribia kuzama, na giza linaingia haraka, kwa hiyo mnakuwa na dakika chache za kumtambua, kichwa kikubwa, shingo nene, ni dume au siyo dume, hapo ukiwa na 2.5 utaona kivuli juu ya tawi.

Hiyo habari ya chui nakwambia kwa uchungu. Msimu wangu wa pili nilikuwa na darubini ya kuvuta, zile za zoom za 10 mpaka 30, niliinunua kwa mshahara wote wa mwezi. Tumekaa kwenye maficho siku ya nne, tumejibana mle ndani hata kukohoa hakuna, chui kapanda. Mi ndo niliyekuwa na nafasi nzuri ya kumuona kichwa. Nikaangalia, nikaona rangi ya majivu tu na mkia. Nikashindwa kusema. Tukamwacha, na ilikuwa sahihi kumwacha, lakini asubuhi tulipokagua nyayo zilikuwa za dume kubwa na hakurudi tena. Mzee mmoja trekaa, Mnyamwezi, aliniazima yake jioni iliyofuata, ya mara saba, imechubuka rangi yote, nikaangalia lile lile tawi saa ile ile nikahesabu magome. Mara saba ile dhidi ya thelathini yangu! Tangu siku hiyo sijagusa darubini ya kuvuta, na wewe usiguse, za bei nafuu vioo vyake vinavyosogea havikai kwenye mstari na ukivuta picha inaingia giza na kuwa nyembamba.

Vioo vyekundu sasa. Ile rangi nyekundu ni tabaka linalorudisha nyuma mwanga mwekundu, yaani mwanga ambao ungetakiwa uingie unakataliwa mlangoni, ndo maana ukiangalia ndani picha inakuwa ya kijani kijani na ubaridi fulani. Sasa mnyama wetu ana rangi gani? Palahala jike kahawia nyekundu, pongo, swala, kongoni, wote rangi za udongo. Umenunua kioo kinachokufutia rangi ya mnyama na kukuachia ya majani. Na kuona usiku hakuna, kuona usiku ni kifaa kingine cha umeme na bei yake siyo laki na themanini.

Tabaka zuri likoje? Kioo kitupu kila mwanga unapoingia au kutoka unapotea kama asilimia 4. Ndani ya darubini mwanga unavuka nyuso za kioo kumi au zaidi kila upande, ukipiga hesabu ya nyuso kumi unafika na kama asilimia 66 tu, theluthi nzima imepotea na nyingine inarandaranda mle ndani inafanya picha iwe nyeupe nyeupe kama umeangalia kupitia neti. Mwaka 1935 mtu wa kampuni ya Zeiss ya Ujerumani anaitwa Alexander Smakula aligundua kupaka tabaka jembamba sana linalopunguza huo upotevu, na siku hizi wanapaka matabaka mengi, upotevu unashuka chini ya nusu asilimia kila uso, unabaki na asilimia 95 hivi. Kwenye boksi tafuta maneno "fully multi-coated", yote matatu. Ikiwa "coated" peke yake au "multi-coated" bila lile la kwanza, maana yake baadhi ya vioo vimepakwa na vingine vimeachwa. Afu usiamini boksi tu, simama chini ya taa ya dukani, angalia tafakuri ya taa kwenye kioo cha mbele: ikiwa zambarau au kijani iliyofifia, tena taa yenyewe inaonekana hafifu, vizuri. Ikiwa nyeupe inang'aa kama kioo cha dirisha, hapo hakuna tabaka la maana.

Rudi kwenye yale maduara mawili ya nyuma. Yawe mviringo kamili. Ukiona yamekatwa pembeni, yamekuwa kama almasi yenye ukungu wa kijivu kwenye kingo, prizma za ndani, vile vipande vya kioo vinavyopindisha mwanga, ni za kioo cha bei ya chini. Wanaoandika BaK-4 huwa wanamaanisha kioo kizuri zaidi na duara linatoka zima, ila jicho lako liamini kuliko maandishi.

Umbo nalo lisikuchanganye. Kuna zile pana zenye mabega, prizma za Porro, jina la Mwitaliano aliyezibuni karne ya 19, na kuna nyembamba zilizonyooka kama mabomba mawili. Vijana wanapenda nyembamba, zinakaa vizuri kifuani, hazipitishi maji kirahisi. Lakini nyembamba ni ngumu kuitengeneza vizuri, prizma yake inahitaji kupakwa tabaka linaloakisi kama kioo cha kujitazamia na tena tabaka maalumu ambalo Zeiss walilitoa 1988, bila hilo picha inakosa ukali. Kwa hiyo ukiwa na hela ndogo kabisa, chini ya laki mbili na nusu, yenye mabega itakupa picha safi kuliko nyembamba ya bei hiyo hiyo. Kwa mtu asiye na miwani mwenye laki mbili na nusu mi namwambia kila siku atafute Nikon Aculon A211 ya 8x42, ni nzito kidogo, kama gramu 750, na haijazibwa maji, lakini picha yake jioni inawaaibisha wengi.

Wewe una miwani ndo hapo nakuhamisha. Kuna kipimo wanaita nafasi ya jicho, yaani jicho liwe mbali kiasi gani na kioo cha nyuma na bado uone duara zima. Miwani inakula nafasi hiyo. Ukipata chini ya milimita 15 utaona kama unachungulia tundu la ufunguo. Ile Aculon ya 8x42 ina kama 12, haikufai. Prostaff P3 ya 8x42 ina kama 20, unakunja zile raba za macho chini, unaegesha miwani juu yake unaona yote, na ni nyepesi, chini ya gramu 600, imezibwa maji. Vortex Crossfire HD ya 8x42 nayo ina kama 17, nzuri tu, na Celestron Nature DX 8x42 iko maeneo hayo hayo. Nikilinganisha hizo tatu kwa macho yangu jioni, tofauti ni ndogo, usikose usingizi kwa kuchagua kati yake, chukua utakayoipata ikiwa nzima. Crossfire uzuri wake kampuni yao ina dhamana ya maisha lakini kuirudisha kutoka porini Rungwa mpaka Marekani hilo nalo ulifikirie.

Je, ukivua miwani? Inategemea macho yako. Kama unaona karibu tu na mbali huoni, basi, gurudumu la kati, lile la kurekebisha ukali wa picha, linaweza kufidia, unaangalia bila miwani na unaona vizuri kabisa. Kama daktari alikuambia una astigmatizimu, jicho halijaumbika duara sawasawa, gurudumu halifidii hilo, lazima ubaki na miwani. Na hata kwa yule wa kwanza, kuvua kuvaa, kuvua kuvaa siku nzima huku unafuata unyayo, utaidondosha miwani kwenye majani siku ya tatu. Nenda kwa aliyekuandikia miwani umuulize, ni swali la dakika moja.

8 au 10? Utasikia wageni wengi wanakuja na 10x42, na hawajakosea, milimita 4.2 za mwanga si mbaya na kule wanakotoka wanaangalia milima na mashamba. Hata hapa kwetu ukiwa uwanda wa wazi Umasaini, mara kumi inakusaidia. Lakini Rungwa ni miombo, pori la miti. Mara nane inakuonyesha upana mkubwa zaidi kwa mara moja, kwenye mita elfu moja utaona kama mita 125 mpaka 140 kwa upana, ya mara kumi nyingi ziko 105 hivi. Na kingine watu hawakisemi, mara nane inashika vitu vya karibu na vya mbali pamoja bila kuzungusha gurudumu kila saa, unapenyeza macho katikati ya majani, unavuka mti wa kwanza, wa pili, unakuta sikio. Julai mapema majani bado marefu kabla moto haujapita vizuri, humuoni mnyama mzima, unaona sikio limepiga, mkia, au mstari wa mgongo uliolala wakati miti yote imesimama. Hapo unataka picha pana iliyotulia.

Sasa ya Mrusi ya jirani. Hizi 8x30 za enzi za Sovieti nyingi zilikuwa na vioo vizuri, picha inakuwa na unjano kidogo lakini kali, na bodi ya chuma ukiigonga kwenye kichuguu kinachochubuka ni kichuguu. Duara lake 30 kwa 8, milimita 3.75, mchana na asubuhi inatosha, jioni kabisa inachoka mapema kuliko 42. Tatizo lake kwako ni nafasi ya jicho, ni fupi, ukiwa na miwani utaona nusu. Kwa hiyo kama lazima ubaki na miwani, usinunue hata akikupa kwa elfu sitini. Kama unaweza kuvua, basi nenda kaikague hivi.

Simama mahali uone ukingo wa paa la mbali au waya wa umeme, mita mia mbili na zaidi, uwe umelala sawa. Angalia kwa macho yote mawili, shika picha vizuri, halafu taratibu isogeze darubini mbele kutoka usoni, sentimita kumi, kumi na tano, huku macho bado yanaangalia mle mle. Picha itaachana iwe maduara mawili. Ule mstari wa paa ukiwa kwenye kimo kimoja kushoto na kulia, imenyooka. Ukiona upande mmoja mstari umepanda ngazi juu ya mwingine, prizma imehama, ilianguka siku moja hawajakwambia. Usiseme nitazoea. Ubongo wako utazilazimisha picha mbili ziwe moja, dakika tano za kwanza huoni shida, ikifika saa nne asubuhi kichwa kinakugonga nyuma ya macho na kichefuchefu juu, nimeshawaona vijana wanadhani wana malaria. Fanya hiki kipimo hata kwa mpya ya dukani, hasa mpya za bei rahisi, hapo ndo zinapoanguka nyingi.

Afu geuza, angalia kutokea mbele na tochi ya simu ikimulika kutoka nyuma. Vumbi chembe mbili tatu si kitu. Ukiona utando kama nyuzi za buibui au manyoya, huo ni ukungu umeota, darubini imekaa pwani kwenye kabati, huo unakula tabaka na kuusafisha ni kufungua yote. Zungusha gurudumu mwanzo hadi mwisho, liwe na uzito ule ule, lisikwame wala kulegea. Ikipita yote hayo na macho yako yanaruhusu, mpe elfu themanini uone kama atakubali, na hela inayobaki itunze.

Kuipata P3 nako. Marekani bei yake huwa inacheza dola 130 mpaka 160, ukibadilisha kwa bei ya dola ya siku hiyo unafika laki tatu na kitu hadi nne hivi, kabla ya usafiri na ushuru, kwa hiyo kupitia mtu anayesafiri ndo salama yako. Dukani hapa mjini ukikuta jina kubwa kwa laki na nusu, boksi linang'aa, maandishi ya namba hayaeleweki, ni feki, kioo chake ni kile kile cha ile nyekundu. Njia ya tatu ambayo wageni kazini hawaijui: wateja wa kambi mwisho wa safari wengi huuza au kumwachia trekaa darubini yao, ukifanya kazi vizuri mpaka Septemba usishangae. Kwa hiyo ukikosa P3 kabla ya Julai usikurupuke, omba msimamizi wa kambi akuazime mwezi mmoja, mara nyingi kwenye sanduku la stoo kuna moja ya ziada.

Ukishaipata, siku ya kwanza irekebishe. Kunja au kunjua ile bawaba ya katikati mpaka maduara mawili unayoyaona yawe moja. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la kati jicho la kushoto lione mti kwa ukali. Fumba la kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete ndogo ya kwenye jicho la kulia mpaka nalo lione ukali ule ule. Weka alama kwa rangi ya kucha, maana ile pete huzunguka yenyewe ndani ya begi. Nusu ya darubini "mbovu" nilizoletewa na vijana kutengeneza hazikuwa na ubovu, pete ilikuwa imehama.

Mkanda wa shingoni utupe. Gramu 600 hazionekani nyingi mpaka ufike kilomita ya kumi na mbili, unainama kuangalia unyayo darubini inapiga jiwe, unanyata inagonga vifungo inalia. Kata mpira wa tyubu ya baiskeli vipande viwili, uvuke mabegani kama mtu aliyebeba mtoto mbele, darubini inakaa kifuani imebana, ukiivuta inakuja ukiiachia inarudi kimya. Usiweke mkanda wa bluu wala mweusi uliokolea, mbung'o wanapenda rangi hizo, mitego yao yenyewe inashonwa kwa kitambaa cha bluu na nyeusi, na Rungwa wapo wa kutosha.

Vumbi ndo adui. Kwenye Land Cruiser ya wazi vumbi la Agosti linaingia kila mahali, na vumbi hilo lina mchanga, ukipangusa kwa shati kavu umekwaruza. Puliza kwanza, brashi laini ya rangi ifuate, halafu upumulie mvuke upanguse kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi. Usitumie spiriti wala petroli. Usiiache juu ya dashibodi, jua linalegeza gundi za ndani. Na usielekeze kwenye jua hata kwa sekunde, jicho linaungua halirudi.

Jioni hii kabla hujalala mtumie jirani ujumbe, muulize kama Jumamosi unaweza kwenda kuiangalia ile 8x30, na nenda saa kumi na mbili jioni, usiende mchana. Chukua na simu yenye tochi. Ukiona ule mstari wa paa umepanda ngazi, mshukuru, umrudishie. Ukishapima nijibu nini umeona, pamoja na alichokwambia wa miwani, nikuelekeze kilichobaki.